Eliya Alilala Kwanza



Ombi ninaloletewa sana siku hizi si la kazi wala la ndoa. Ni la usingizi. "Pasta, niombee, silali." Analileta mama anayeamka saa kumi alfajiri ili apite Mlolongo kabla msongamano wa Mombasa Road haujaanza. Analileta kijana ambaye simu ikiita tu moyo unamruka, kwa sababu wanaomdai hupiga asubuhi na jioni. Na mzee mmoja wa upande wa Isinya, aliyepoteza karibu ng'ombe wake wote katika ile misimu mitano ya mvua iliyokosekana kuanzia mwishoni mwa 2020, aliniambia hivi: "Pasta, mvua ilirudi. Mimi bado sijarudi."

Wapendwa, huo ndio msongo wa mawazo. Jambo limeisha, au halijaisha, lakini mwili hauamini kwamba sasa unaweza kupumzika.

Mungu aliuumba mwili uweze kuikimbia hatari. Sisi wa Kitengela tunajua simba akitoka mbugani akakaribia boma hali huwaje. Ubongo unaziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe adrenalini na kotisoli. Moyo unaenda mbio, presha inapanda, sukari inaongezeka kwenye damu ili misuli ipate nguvu, na tumbo linapunguza kazi yake. Simba akiondoka, mwili unatulia. Hiyo ni baraka.

Lakini karo, kodi, maji ya boza na madeni ni simba wasiorudi mbugani. Wanalala mlangoni miezi na miaka. Basi mwili unabaki macho. Usingizi unakatika, kichwa na mgongo vinauma, kinga ya mwili inadhoofika, mwenye kisukari anashindwa kuidhibiti sukari yake, na moyo unachoka. Wengine hutafuta nafuu kwenye chupa, na mzigo unaongezeka. Nyumbani watoto wanaona tu kwamba baba amekuwa mkali.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana kuna mafundisho yanayozunguka kwamba mwenye imani hachoki, na kwamba asiyelala lazima ana pepo. Fungueni 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa ametoka Karmeli, ambako moto ulishuka alipoomba. Yezebeli akamtishia maisha, naye akakimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Huyo ni nabii!

Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea. Alimwacha alale. Malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji, kisha Eliya akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala. Ndipo akapata nguvu za kutembea siku 40 mpaka Horebu, na huko ndiko mazungumzo yalikofanyika. Na kabla hajamalizana naye, Mungu akamwonyesha kwamba hakuwa peke yake, akampa Elisha wa kumsaidia kazi. Usingizi, chakula, mwendo, mazungumzo, msaidizi. Hakuna hata kimoja hapo kilicho kinyume cha imani.

Kwa hiyo, mpendwa, fanya haya. Kwanza, pima presha. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima Kenya walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Presha huwa haipigi hodi. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, muone daktari. Na kama umepewa dawa, usiziache kwa sababu umeombewa. Mimi mwenyewe ninameza tembe kila asubuhi, kisha ninapiga magoti kuomba, na sijaona vikigombana.

Pili, linda usingizi. Kwetu simu zinazimwa saa tatu usiku, ya pasta ikiwemo. Tatu, tembea. Nusu saa jioni, hata kama ni kushuka matatu steji moja kabla ya nyumbani. Nne, liweke deni mezani. Mwambie mwenzako kiasi kamili, nenda kwa anayekudai mkapange malipo. Deni la siri hunyima usingizi kuliko deni lenyewe. Tano, kama umefika pale Eliya alipofika, ukaanza kutamani kufa, usikae na wazo hilo peke yako hata usiku mmoja. Mwambie mtu leo, nenda hospitali. Nipigie, tutaenda pamoja. Hakuna atakayekuhukumu.

Jumapili hii baada ya ibada, muuguzi wetu atakuwa chini ya hema na mashine ya presha. Wazee wa kanisa watatangulia, nami nitakuwa kwenye foleni. Akina baba, ninyi hasa, msitoroke na mlango wa nyuma.

Baba, wape watu wako usingizi usiku wa leo. Waliobeba peke yao, wape Elisha. Katika jina la Yesu, Amina.