Saa ya marehemu na fundi wa Kenya

Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilomita kama 120. Tulikwenda watatu: walimu wawili na mama mjane wa kikundi chetu. Katika sakosi yake, ndani ya kitambaa, kulikuwa saa ya mkono ya marehemu bwana yake, Omega ya miaka ya 1960, imesimama. Kijana wake mkubwa anaoa karibuni na anataka kuivaa. Shemeji walimwambia mama aiuze tu, kwani mafundi wataiba vyuma vya ndani.

Tulianza na duka moja la katikati ya mji, lenye vioo vizuri. Walitaka tuache saa majuma mawili, bila kuifungua mbele yetu na bila karatasi. Mama akairudisha kwenye sakosi.

Basi tukashuka komini ya Kenya, karibu na soko, ambako bomba refu la kiwanda na kilima cheusi cha masalio ya shaba vinaonekana kwa mbali. Fundi ni papa mzee. Ana meza moja chini ya kibanda, taa, na kioo kidogo anachobana jichoni. Kuna kelele za muziki na vumbi la barabara, lakini kila kipande anakifunika kwa bilauri iliyogeuzwa. Hiyo bilauri ilitutuliza kuliko vioo vya mjini.

«Mama, ukaribie, uone mwenyewe,» akasema, akafungua mfuniko.

Ndani mna nusu duara ya chuma inayozunguka mkono ukitembea. Ndiyo inayoitia saa ufunguo. Gurudumu dogo la ndani hucheza zaidi ya mara 5 kila sekunde. Mafuta yakikauka, vyuma vinasagana. Ndiyo ilikuwa shida: saa haikuoshwa miaka mingi.

Omega za zamani zina namba juu ya mashine yenyewe. Tuliiandika kwenye kaye, tukapiga picha kwa telefoni, fundi akatia sahihi. Akataja bei kabla ya kugusa kitu. Akatuambia pia asichoweza: viwanda vya Uswisi haviuzii fundi wa kujitegemea vyuma vyao kwa urahisi, kwa hiyo akikuta kimevunjika ataita kwanza, hataweka cha saa nyingine. Chuma chochote atakachotoa, mama atapewa mkononi. Kusugua uso wa saa ung'ae, alikataa kabisa. Thamani inapotea, na wanaokubali ni wengi. Sisi tunamwamini zaidi fundi anayejua kukataa.

Mama aliuliza mara mbili kama meza inalala pale usiku. Hapana, kazi ya watu anaibeba nyumbani.

Akaiacha saa, akabaki na mkanda wake wa ngozi. Tunarudi Ijumaa ya juma lijalo. Nauli kikundi kimeshachanga.