Dar, hivi una miaka mingapi?

Ukitaka kuwagombanisha wapenzi wawili, waulize tu uhusiano wao ulianza siku gani. Mmoja atakwambia ni ile siku waliyokutana kwenye harusi ya rafiki. Mwenzake atabisha: pale walisalimiana tu, mambo yalianza siku alipokubali kutoka naye. Na usishangae akitokea mzazi kutoka chumbani akisema wote mnakosea, mlianza siku mahari ilipopokelewa!

Jiji letu la Dar es Salaam nalo lina ugomvi kama huo. Wenzetu wa Kisumu wana raha zao. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, basi mwaka 2001 wakasherehekea miaka 100 bila kubishana. Amsterdam kule Uholanzi walisherehekea miaka 750 mwaka 2025, na hesabu yao inaanzia kwenye hati ya Oktoba 27, 1275 iliyowasamehe watu wa pale ushuru wa njiani. Yaani cheti chao cha kuzaliwa kinahusu ushuru. Huku kwetu tungeambiwa tudai na risiti.

Sasa Dar tuianzie wapi?

Chagua tarehe uitakayo

Vitabu vingi vinataja 1862, wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kujenga mji mpya kwenye bandari hii tulivu. Kwa hesabu hiyo miaka 150 ilitimia 2012. Lakini kuamua si kujenga. Majengo ya mawe yalianza kusimama kati ya 1865 na 1867, hivyo ukishika 1866 unapata miaka 160 mwaka 2026. Wengine wataanzia 1891, Wajerumani walipohamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Na kuna Desemba 10, 1961, siku moja baada ya Uhuru, Dar ilipopewa hadhi ya jiji.

Nilimsomea mume wangu orodha hiyo Jumamosi moja usiku. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe kwa baba, na upande wa mama ni Kariakoo tupu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na Mzizima je?"

Ana hoja. Kabla ya Majid, hapa palikuwa na kijiji cha Mzizima, kwenye ufukwe ulio karibu na Ikulu na Ocean Road ya leo. Wazaramo na Washomvi walikuwa wakilima na kuvua. Sultani hakukuta pori. Alikuta watu wana mashamba, ndoa na makaburi yao. "Hiyo 1862 ni siku tuliyopata mgeni," akasema mume wangu. Mimi mtoto wa Moshi, niliyekuja Dar kusoma chuo nikanogewa, sikuwa na la kujibu.

Jumapili mjini

Kesho yake tukaenda kuitafuta hiyo Dar ya zamani kwa miguu. Jumapili ndiyo siku yake: foleni hakuna, na unaweza kuvuka Sokoine Drive bila kusoma dua.

Tulianzia Feri alfajiri, mnada wa samaki umechangamka. Hapa ndipo pa supu ya pweza, na kama uko na mwenzi wako, mjiandae kwa utani wa wauzaji kuhusu kazi yake. Tukafuata bahari. Kanisa la Azania Front lenye vigae vyekundu lilijengwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, na mbele kidogo ni Mtakatifu Joseph. Siku hiyo kwaya zote mbili zilikuwa zimeshaanza, ukisimama katikati unazisikia pamoja.

Kisha ukafika Boma la Kale. Kuta za mawe ya matumbawe, mlango wa nakshi. Ni moja ya majengo machache ya enzi za Majid yaliyobaki, na alilijenga kwa ajili ya wageni wake. Mwaka 1867 aliwafanyia karamu mabalozi wa mataifa makubwa katika mji huu ambao ulikuwa haujakamilika hata kidogo. Tunawajua watu wa namna hiyo, wanaofanya sherehe ya kuingia nyumba wakati choo hakijaezekwa.

Mwaka 1870 Majid alifariki. Ndugu yake Barghash aliyerithi kiti hakuwa na habari na mji huu, akili yake ilikuwa Zanzibar. Ujenzi ukasimama. Majumba yakaanza kubomoka, majani yakaota ndani. Ikawa hivyo kwa takriban miaka 17, mpaka kampuni ya Wajerumani ilipoweka kituo hapa mwaka 1887.

Mimi kipindi hicho ndicho kilichonishika. Hakuna anayekisherehekea, lakini mji haukufa. Wavuvi waliendelea kutoka na ngalawa, wakulima wakaendelea kuleta mazao pwani. Kama Sultani alikuwa mchumba mwenye ahadi kubwa, basi hawa ndio walioendelea kupika na kufagia uwanja baada ya mchumba kuondoka.

Baraza la Shangazi

Tulimalizia Kariakoo. Wajerumani walianza kuipanga kama makazi ya Waafrika kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, na jina lenyewe lilitokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo vitani. Sisi tulikuwa na safari yetu maalumu: nyumba ya familia ya mama mkwe wangu.

Ni nyumba ya Kiswahili kamili. Vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Kushoto ghorofa, kulia ghorofa, jua linafika uani saa moja tu kwa siku. Mjenzi mmoja amewafuata wanafamilia: wampe kiwanja, apandishe ghorofa kumi, wao wapate fremu mbili chini na apatimenti juu.

Mimi nilishakataa moyoni. Nyumba kama hizi zinaisha, na zikiisha hazirudi. Nilitegemea mume wangu, aliyenitetea Mzizima usiku mzima, awe upande wangu. Tukiwa kwenye bajaji akasema angesaini.

"Wewe unaipenda nyumba," akaniambia. "Mimi nampenda aliyemo. Mvua ikinyesha Shangazi anahamisha kitanda. Ni rahisi kupenda ukale ukiwa unalala Mbezi kwenye vigae."

Hatukuongea tena mpaka mlangoni.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba wanangu. Mmekuja na jua hili, mna nini?"

Shangazi ana miaka zaidi ya 80. Usiku wa Uhuru alikuwa binti, alikwenda Uwanja wa Taifa kwa miguu na kurudi kwa miguu. Nilimuuliza kama anakumbuka siku iliyofuata, Dar ilipofanywa jiji. Akacheka. "Kesho yake tulilala, mwanangu. Miguu ilikuwa imevimba."

Nikamweleza ubishi wetu wa umri wa mji. Yeye akagonga ukuta aliouegemea. "Hii nyumba unayoililia si ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa ya udongo na makuti, babu yao akaivunja akajenga hii. Bibi alinuna mwezi mzima." Mume wangu akanitazama kwa ushindi. Lakini Shangazi hakuwa amemaliza naye. "Na wewe usifurahi. Huko ghorofani mnakonipeleka, nitakaa wapi jioni? Nani atapita anisalimie? Mkitaka nisaini, mnijengee baraza, chini, mlangoni. Bila baraza sitoki."

Kikao cha familia kimeshakaa mara mbili tangu siku hiyo. Mchoro umerudishwa kwa mjenzi aingize baraza upande wa barabarani, pale alipotaka fremu ya tatu. Fremu ya Kariakoo ni pesa, kwa hiyo anasitasita. Shangazi hana haraka, na bado hajasaini.

Umri wa mji ni wa waliobaki

Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 Dar es Salaam. Wengi wetu ni wageni kama alivyokuwa Majid, tumekuja na mipango. Makao makuu ya serikali ni Dodoma, treni ya umeme inakufikisha huko tangu 2024, na bado jiji halipungui watu. Ndiyo maana siku hizi sijali sana kama keki iandikwe 160 au 150 na ushee. Napenda kujua nani alibaki kipindi ambacho hakukuwa na karamu, na kama tunamwachia mahali pa kukaa.

Kwa hiyo Jumapili moja mchukue mwenzi wako. Vaeni viatu vya kutembelea, anzieni Feri kabla ya saa moja, fuateni bahari hadi Boma la Kale, halafu mpande bajaji hadi kwa mtu mzima kuliko wote mnayemfahamu mjini. Msiende mikono mitupu, Shangazi wetu hupenda halua. Mwambieni awasimulie nyumba anayoishi ilijengwa juu ya nini, na rekodini kwenye simu. Mkibishana njiani, kama sisi, ni sawa. Bishaneni mkiwa mnatembea.