Jumper ni Nguo ya Nani?

Kumradhi kwa kimya kirefu. Nilikuwa nikirekebisha kosa langu mwenyewe, na leo nitawasimulia.

Mwaka jana mama mmoja wa Nakuru anayeagiza nguo kutoka Uingereza na Marekani aliniomba nimtengenezee tovuti. Nikajenga hifadhidata. Katika jedwali la majina ya nguo nikaweka safu ya jinsia: "blouse" ya kike, "tie" ya kiume, "jumper" ya wote. Shuleni tulifunzwa Kiingereza cha Uingereza, na huko jumper ni sweta tu. Orodha ya mzigo ikiingia, programu inapanga nguo yenyewe. Nikajiona fundi!

Picha tulikuwa hatujaweka bado. Mzee mmoja wa Limuru akaagiza jumper ya kujikinga baridi, na kijana wa kupakia akafuata namba ya bidhaa tu. Mzee akafungua kifurushi mbele ya wajukuu, akakuta rinda lisilo na mikono. Kwa Wamarekani, jumper ni rinda la kuvaliwa juu ya blauzi. Akampigia mama simu: "Mnanidharau?"

Nilimpigia mwenyewe. "Shikamoo mzee. Kosa ni langu, si la mama." Pesa zake nikarudisha kutoka mfukoni mwangu, lakini hakununua tena. Hilo ndilo lililoniuma, maana mama anaishi kwa wateja wake.

Nikaanza kukagua jedwali langu, nikashika kichwa. "Suspenders" Marekani ni kanda za begani za kushikilia suruali, za kiume hasa. Uingereza ni za kushikilia soksi ndefu za wanawake. "Pants" Marekani ni suruali, ya yeyote. Uingereza ni chupi, ya yeyote pia. Hata "blouse" niliyoiamini: wanajeshi wa Marines wa Marekani, wanaume kwa wanawake, huita hivyo koti la sare yao.

Nikamwuliza mama yeye hujuaje. Akacheka. "Mwanangu, mimi sisomi jina, nashika nguo." Akanionyesha mashati mawili: la kiume vifungo viko upande wa kulia wa mvaaji, la kike upande wa kushoto. Mashati yote mawili, jina moja.

Hapo nikaelewa. Jinsia nimeitoa kwenye jedwali la majina, nikaihamishia kwa kila bidhaa: kiume, kike au zote. Mama ndiye anayejaza, nguo ikiwa mkononi. Nimeongeza pia safu ya nchi, na bidhaa isiyo na picha haionekani dukani.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hufanya hivyo kila siku: shati la kiume, shati la kike. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, nami nilikuwa nikilitafuta kwenye tarakilishi.

Basi wenzangu, kabla ya kuandika programu, mwulize anayeshika bidhaa. Wasalaam, mpaka wakati mwingine.