Daftari la Darasa la Ufukweni

Njoo tutembee pamoja katika Wilaya ya Ilemela, mkoani Mwanza. Tuanzie Kirumba, mwaloni. Hapa dagaa wa Ziwa Victoria hushushwa, huuzwa na kupakiwa kwenda mbali. Magunia ni mengi. Wachukuzi wanapiga kelele wapishwe njia. Akina mama wanahesabu fedha zao. Mahali kama hapa, mtu asiyejua kusoma mizani hupunjwa mchana kweupe.

Tuondoke Kirumba. Tupite Pasiansi, tupite na uwanja wa ndege. Tazama mawe ya Mwanza, makubwa kama nyumba, yamepandana moja juu ya jingine. Mbele yetu ni Igombe, na mbele zaidi ni Kayenze. Mitumbwi imevutwa nchi kavu. Dagaa wameanikwa wakauke juani. Nyavu zinashonwa chini ya miti.

Ufuko huu una historia kubwa ya kisomo. Mwaka 1968 mpango wa kisomo chenye manufaa ulianza katika mikoa ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Serikali ilisaidiwa na shirika la UNESCO, na makao ya mpango yalikuwa Mwanza. Watu hawakujifunza herufi tupu. Mkulima wa pamba alisoma kitabu cha pamba. Mvuvi alisoma kitabu cha uvuvi. Wengine walisoma juu ya migomba, ng'ombe na maarifa ya nyumbani.

Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 jirani zetu wa kisiwa cha Ukerewe walikuwa katika wilaya chache zilizochaguliwa kufuta ujinga kwanza. Mwaka 1967, watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 walibaki karibu 10 tu katika kila 100.

Je, kazi ile ililipiwa na nani? Serikali ilitoa fedha. Nchi rafiki kama Sweden zilisaidia. Mwalimu wa kujitolea alipewa shilingi 30 kwa mwezi. Lakini wanakijiji walitoa mengi pia. Walitoa nguvu zao, muda wao na kivuli cha miti yao. Baadaye miaka ya 1980 ikawa migumu. Fedha zilipungua. Chaki zikaisha, walimu wakachoka, madarasa mengi yakafa. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba karibu watu wazima 3 katika kila 10 hawakujua kusoma. Ujinga ni kama magugu. Ukiacha kupalilia, hurudi.

Sasa nikueleze habari ya mwalo mmoja wa ufuko huu. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa jambo lenyewe linaweza kutokea popote.

Darasa la hapo lilikuwa na watu thelathini. Walipatana vizuri juu ya saa za kusoma. Akina mama walisoma alasiri, dagaa wakishaanuliwa. Wavuvi walisoma siku za mbalamwezi. Wewe msomaji wa ufukweni unajua sababu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haiwavuti vizuri, na wavuvi wengi hupumzika. Basi mwezi wenyewe ukawa kengele ya darasa.

Walilima pia bustani ya mchicha na nyanya karibu na maji. Waliuza mboga ili wanunue chaki na mafuta ya taa. Mweka hazina alikuwa mzee mwaminifu. Fedha aliziweka ndani ya kopo, na hesabu aliiweka kichwani.

Siku moja waliuliza, "Mzee, tuna shilingi ngapi?" Mzee akasema alinunua chaki, akanunua jembe, akalipa rangi ya ubao. Lakini bei alizisahau. Mzee hakuiba. Hakuandika tu. Minong'ono ikaanza. Mmoja akaacha kuja, kisha wawili, kisha kumi. Baada ya miezi miwili walibaki watu saba. Mzee naye akawa anapita njia ya nyuma, asionane na watu.

Mama mmoja, muuza dagaa, akasimama. Akasema, "Jamani, sisi tunajifunza kusoma na kuandika. Mbona fedha zetu hazijaandikwa? Mzee tumemwonea. Sote tuna kosa."

Siku hiyo walinunua daftari. Waliandika kama hivi:

MAPATO
Watu 20, kila mmoja sh. 500: sh. 10,000

MATUMIZI
Chaki: sh. 3,000
Mafuta ya taa: sh. 2,500
Daftari: sh. 1,500
Jumla: sh. 7,000

BAKI: sh. 3,000

Bei za kwenu zitakuwa nyingine, lakini njia ni hiyo hiyo. Kila mwisho wa mwezi mwanafunzi mmoja alisoma hesabu kwa sauti mbele ya wote. Mwezi huu mvuvi, mwezi ujao mama wa bustani. Wengine walijumlisha kwenye madaftari yao. Aliyetoa fedha alitia sahihi, na aliyepokea alitia sahihi. Basi hesabu ya darasa ikawa somo la darasa. Watu wakarudi mmoja mmoja. Mzee aliombwa radhi, akapewa tena kopo lake. Sasa alikuwa na katibu wa kuandika.

Ndugu msomaji, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mnataka kuanzisha darasa, fanyeni haya:

1. Mwoneni Afisa Elimu wa Kata, ajue darasa lenu na awashauri.
2. Chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mtu mmoja asishike kazi zote.
3. Pangeni saa kwa kufuata kazi zenu za shamba na za ziwa.
4. Anzisheni shughuli ndogo ya kuleta fedha.
5. Andikeni kila shilingi siku ile ile, na someni hesabu mbele ya wote.

Msaada ukija, upokeeni kwa shukrani, nao uandikwe. Usipokuja, darasa lisife.

Maswali ya kuzungumza darasani:
Kwa nini watu waliacha kuja darasani?
Je, mzee alikuwa na kosa?
Fedha za darasa lenu zimeandikwa wapi, na nani aliwasomea mara ya mwisho?