Seva Ikinyamaza

Nilipoanza kazi ya kuangalia seva jijini Dar es Salaam, seva ikinyamaza tulikwenda kuiona. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, chenye baridi kali, na taa za mbele ya mashine zilieleza nusu ya tatizo. Tulitumia Nagios, programu ambayo Ethan Galstad aliitoa mwaka 1999 ikiitwa NetSaint. Ndani ya kila seva aliwekwa ajenti wa NRPE, programu ndogo iliyokuwa ikingoja kuulizwa kupitia poti 5666: diski imebaki kiasi gani, prosesa imelemewa? Asipojibu, jina la seva liligeuka jekundu kwenye ubao wa skrini yetu, nasi tukachukua ufunguo wa chumba.

Mkongo wa intaneti wa baharini wa Seacom ulifika pwani yetu mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata, na taratibu mashine zikaanza kuhamia kwenye wingu, kwanza Ulaya. Microsoft ilipofungua vituo vya Azure Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon kufuata Cape Town mwaka 2020, chumba chetu kilikosa kazi. Mashine zikawa pepe, hazina taa za kutazama. Ajenti naye akabadilika: siku hizi mara nyingi hangoji kuulizwa, hutuma mwenyewe mapigo yake, aghalabu kila dakika, kupitia poti 443.

Hapo ikazuka hatari mpya. Tahadhari ya prosesa hulia kipimo kinapovuka, tuseme, asilimia 90. Ajenti akifa hakuna kipimo, basi hakuna kinachovuka, na ubao hubaki wa kijani. Ndiyo maana naithamini Prometheus, programu ya ufuatiliaji iliyoanzia kampuni ya SoundCloud mwaka 2012: ikienda kuchukua vipimo ikashindwa, huandika sifuri. Kutojibu kwenyewe huwa taarifa, yenye tarehe na saa.

Hata hivyo, ajenti kunyamaza si mashine kufa. Nimekuta wateja wanalipa ankara bila shida kwenye mashine ambayo ajenti wake yuko kimya tangu usiku. Kwa hiyo naanza na huduma yenyewe, kisha nauliza wingu: mashine inawaka? Picha ya skrini yake inaonyesha nini? Ndipo naingia ndani. Mara nyingi diski imejaa logi, ajenti hana pa kuandika; au memori imekwisha na Linux ikamuua; au saa ya mashine imepotoka, vyeti vya usalama vikakataliwa. Kwenye Azure natazama pia kama faiwoli imezuia 168.63.129.16. Anwani hiyo huonekana kama ya mgeni, kumbe ndiyo ajenti wa Azure anayoitumia kuzungumza na wingu lake.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika. Maajenti wetu wa Afrika Kusini walipotea ubaoni kwa pamoja, ilhali mashine zote zilikuwa nzima. Akinyamaza mmoja, chunguza mashine. Wakinyamaza wote, chunguza njia. Tangu hapo tumeweka mwangalizi wa pili kulekule ziliko mashine.

Vijana wanaojiunga nasi sasa hawajawahi kugusa seva kwa mkono, nao husoma chati vizuri sana. Jambo ninalowasisitizia ni moja: kila mashine mpya, kabla ya tahadhari ya diski au ya prosesa, iwekewe tahadhari ya ukimya. Ajenti asiposikika kwa dakika tano, mtu aamshwe, hata ikiwa saa tisa usiku.