SIKU YA BWANA, SIKU YA MAMA

Wahenga wetu waliisifu sana kazi. Walisema ajizi ni nyumba ya njaa, na ya kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Biblia nayo haimfichi mvivu ukweli. Kitabu cha Mithali kinamtuma kwa chungu akajifunze bidii, na Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Kwa hivyo asije mtu akadhani ninautetea uvivu! Ninalotaka kusema ni kwamba Mungu aliyeagiza kazi ndiye aliyeagiza mapumziko, tena hakuyaagiza kwa ajili ya mtu mmoja tu katika nyumba.

Hebu tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 20. Amri ya Sabato haiishii kwa mwenye nyumba. Inawataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, wanyama wa kufugwa na hata mgeni. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, amri hiyo inarudiwa na punda anatajwa waziwazi. Sababu inatolewa pia: Waisraeli wakumbuke kuwa walikuwa watumwa kule Misri. Naam, mtumwa hana siku yake. Basi aliyekombolewa hawezi kukaa kivulini huku akimfanya mwenzake mtumwa.

Ukiisoma orodha hiyo kwa makini utaona kwamba mke hakutajwa. Nilimuuliza mwalimu wetu wa somo la dini, kwani mama apumzike lini? Akanijibu kwamba amri inaanza kwa kusema na msikilizaji mwenyewe, awe mume au mke, na hapo ndipo mama alipo. Jibu hilo lilinikaa moyoni kwa sababu ya jinsi Jumapili ilivyokuwa kwetu.

Sisi tunakaa Kitui, na maji huletwa kwa punda kutoka mtoni. Jumatatu hadi Jumamosi mama huuza mboga sokoni. Jumapili tukitoka kanisani, baba alikuwa akiketi chini ya mwembe na redio yake, kaka zangu wanakwenda kucheza mpira, na wageni wanaanza kuingia. Mama na mimi je? Maji, kuni, ugali, kuku, vyombo, halafu sare za shule za watu wanne. Mama alizoea kutania, "Mwanangu, hii ni siku ya bwana kweli. Bwana si yule pale chini ya mwembe!" Tulicheka, lakini mwaka jana hakuna aliyecheka mama alipoanguka sokoni kwa uchovu. Daktari alimwambia apumzike majuma mawili. Ndipo sote tulipojua uzito wa kazi yake, maana ilibidi tuifanye.

Baba aliitisha kikao cha nyumbani. Mimi nikataja habari ya mana jangwani, Kutoka sura ya 16. Siku ya sita Waisraeli waliokota maradufu, ili siku ya saba wasiokote. Je, sisi tushindwe? Tukakubaliana. Sasa Jumamosi punda huenda mtoni mara mbili, na wavulana ndio humpeleka. Isyo, yaani mahindi na maharagwe, huchemshwa Jumamosi jioni, na Jumapili ni kupasha moto tu. Kila mtu hufua sare yake. Majirani zetu Wasabato walitutangulia katika hekima hii, kwa kuwa kwao Ijumaa ni siku ya maandalio, hata jua likitua kazi zimekwisha.

Tulipofika kwenye vyombo, baba akasema, "Ala! Mambo ya jikoni si ya wanaume." Nikamwambia kwa adabu, "Lakini baba, Yohana sura ya 21 inasema Yesu aliwatayarishia wanafunzi wake samaki juu ya makaa." Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Tangu siku hiyo vyombo vya Jumapili ni vya wavulana, na mara nyingine baba mwenyewe hupika chai.

Najua si kila mtu anaweza kupumzika Jumapili. Muuguzi hawezi kumwacha mgonjwa, na Yesu mwenyewe aliuliza ni nani asiyemtoa kondoo wake shimoni siku ya Sabato. Lakini kuwa na siku yako ni haki. Hata Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 hapa Kenya inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Nasi wanafunzi tunaojigamba eti tutalala baada ya KCSE, tumkumbuke nabii Eliya. Alipochoka hata akaomba kufa, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Safari ilifuata baadaye.

Kwa kumalizia, wasomaji wenzangu, kazi ya nyumba haiishi. Tukingoja iishe ndipo mama apumzike, tutangoja hadi kiama. Jumapili hii, kabla hujaketi, tazama kwanza ni nani nyumbani bado amesimama. Msaidie mmalize, kisha mketi pamoja.