Kikongwe wa Filamu na Kikongwe wa Kijijini

Wahenga walisema hakuna kizuri kisicho ila. Kauli hiyo hutajwa zaidi penye mambo ya ndoa, lakini yafaa pia penye sanaa, hasa ile sanaa ambayo wasomi huionea haya: riwaya za mapenzi zenye majalada ya kung'ara, hadithi za mfululizo katika magazeti ya wiki, na filamu za video ambazo mtu huanza kuzitazama kwa dharau akazimaliza kwa machozi. Wahakiki wameziita riwaya za namna hiyo riwaya pendwa, na ndani ya jina hilo sifa na lawama zimelala kitanda kimoja. Sifa ni kwamba zapendwa. Lawama ni ile dhana kwamba hazina jingine zaidi ya kupendwa.

Atakaye kuipima dhana hiyo na aende Shinyanga. Huko ndiko alikozaliwa Steven Kanumba, tarehe 8 Januari 1984. Alisoma shule ya msingi ya Bugoyi, kisha sekondari ya Mwadui, penye mgodi wa almasi alioanzisha John Williamson mwaka 1940. Baadaye alifika Dar es Salaam, akajiunga na kundi la Kaole lililokuwa likiigiza michezo ya televisheni, na haukupita muda mrefu akawa miongoni mwa nyuso zinazojulikana mno katika filamu za Kiswahili. *Dar 2 Lagos* ya mwaka 2006 ilimkutanisha na wasanii wa Nigeria. *Oprah* ya mwaka 2008, aliyoigiza pamoja na Vincent Kigosi na Irene Uwoya, iliwaliza wengi kwa kisa chake cha mapenzi na usaliti. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28 tu, maelfu ya watu walifurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumuaga.

Filamu hizo zilipotoka Dar es Salaam zilisafiri hadi kule alikotoka mwigizaji wake. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi, karibu na Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 ukafungwa mwaka 2021. Pembezoni mwa migodi hiyo wachimbaji wadogo waliendelea na maduara yao, Rwamgasa, Nyarugusu na kwingineko. Palipo maduara huja makarasha ya kusaga mawe, huja mama ntilie na sufuria zake, na zama zile kilikuja pia kibanda umiza: kuta za mabati au turubai, mabenchi machache, televisheni moja, na jenereta ikinguruma nje kushindana na sauti za waigizaji.

Watu walifuata nini humo? Jibu la haraka ni kwamba walifuata ndoto, majumba ya ghorofa na magari ambayo hawatayapata. Jibu hilo lina ukweli wake, ila ni nusu tu. Mchimbaji ni mtu awezaye kuamka maskini akalala tajiri, na wiki isiishe amerudi alipokuwa. Kisa cha mwanamume aliyepata fedha ghafla akamsahau mkewe, kwake yeye si ndoto. Ni habari za duara la jirani. Tena katika nchi ya Wasukuma mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, na suala la iwapo mapenzi yanunulika si fumbo la kupitishia wakati bali ni mjadala wa kila ukoo. Ndiyo maana watazamaji hawakukaa kimya. Walimkemea msaliti kana kwamba awasikia, wakamwonya mke aliyedanganywa, wakabishana baina yao nani mwenye haki. Hadithi inayowafanya watu wabishane juu ya haki haiwezi kuitwa upuuzi.

Utamu huohuo ulipatikana pia katika maandishi. Eric Shigongo, ambaye mwaka 2020 alichaguliwa mbunge wa Buchosa, jirani na Geita, alijipatia jina kwanza kwa magazeti ya kampuni yake na kwa hadithi kama *Rais Anampenda Mke Wangu*. Ustadi wa hadithi ya mfululizo ni kukatia pale roho inaponing'inia, ili msomaji ahesabu siku hadi toleo lijalo. Ni ustadi wa kale. Bibi anayeahirisha ngano hadi usiku wa pili aujua vilevile.

Wahakiki wamezihesabu ila za sanaa hizi, na hesabu yao si ya uongo. Filamu ya watazamaji wa Kiswahili hupewa jina la Kiingereza. Kisa cha saa moja hukatwa vipande viwili ili kiuzwe mara mbili. Sauti hupotea katikati ya maneno, na watu hulia muda mrefu kuliko msiba wenyewe. Juu ya yote huja shutuma ya kuiga Nigeria. Ila hizo zipo, lakini ni nyepesi. Mtazamaji huziona, akazicheka, akazisamehe.

Wasukuma wana mizani yao ya kupimia burudani, kongwe kuliko filamu. Wachezaji wa ngoma wamegawanyika tangu zamani katika vyama viwili, Wagika na Wagalu, vinavyonasibishwa na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vikundi vya pande mbili hukutana uwanjani, vikacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Hakuna jopo la majaji. Miguu ya watazamaji ndiyo inayoamua. Kila upande una dawa zake za mvuto, na kila upande humshuku mwenzake kwa dawa hizo. Hata hivyo, aliyeshindwa hurudi kwao akajiandae kwa msimu ujao.

Mizani hiyo ni ya haki, na kwa mizani hiyo Kanumba alishinda. Lakini umati hupima mvuto, haupimi ukweli. Na hapo ndipo penye ila nzito, ile isiyochekwa wala kusamehewa kwa urahisi.

Katika filamu na hadithi nyingi za kundi hili, za waandishi na watayarishaji mbalimbali, mapenzi yakivunjika, au mali ikipotea, au mtoto akiugua, sababu hupatikana gizani. Kuna kikongwe mwenye kibuyu, kuna mganga chumbani, kuna damu iliyotolewa ili fedha ije. Kwa mtunzi hiyo ni njia ya mkato: humtoa katika taabu ya kueleza kwa nini watu wema huumizana. Kwa mtazamaji wa mjini huenda ikawa ni mchezo wa kutisha tu, usiokwisha na taa.

Shinyanga na Geita si mchezo. Tangu miaka ya 1970 mauaji ya vikongwe wanaotuhumiwa uchawi yamekuwa jeraha la Usukuma, na moja ya alama walizohukumiwa kwazo ni macho mekundu. Mekundu kwa nini? Kwa sababu wanawake hao wamepikia maisha yao yote kwa samadi ya ng'ombe na vijiti vya pamba, katika nchi ambayo kuni zimekwisha, na moshi umewala macho. Kisha, kuanzia mwaka 2007, zikazidi habari za watu wenye ualbino kuuawa kwa ajili ya viungo vyao, na wachunguzi wakayahusisha mauaji hayo na biashara ya hirizi za bahati, wachimbaji wa dhahabu wakiwa miongoni mwa wateja. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wilayani Bukombe.

Ni dhuluma kusema kwamba filamu ndizo zilizoua. Imani hizo zilikuwapo kabla ya jenereta ya kwanza kufika Rwamgasa. Lakini hadithi tamu huipa imani sura na sauti. Mtazamaji aliyetoka kulia kwa haki ya mke aliyesalitiwa, huyohuyo ametoka amefundishwa kwamba nyuma ya kila hasara yupo bibi mmoja. Machozi yale ya kweli ndiyo yaliyoupitisha uongo ule bila kukaguliwa.

Je, burudani haiwezi kuwa tamu pasi na ila hiyo? Visiwani jibu lilitolewa zamani. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Maiti yaonekana penye mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba wa kale wameua. Bwana Msa huwasha kiko chake, akauliza maswali, na mwisho mkono uliotenda waonekana kuwa wa binadamu. Bwana Msa naye ni wa kuigwa, nasaba yake yafika kwa Sherlock Holmes. Basi kuiga peke yake si dhambi. Mwandishi hakuwanyima wasomaji giza wala hofu. Aliwapa vyote viwili, kisha akawawashia taa kabla hawajaondoka.

Leo visa vya namna hii vimehamia katika simu za mkononi, na mtu huvitazama peke yake, bila jirani wa kubishana naye benchini. Kwa hiyo kazi ya mhakiki imezidi kuwa ya lazima. Haimfai kuzidharau sanaa hizi, maana dharau haimfikii mtazamaji hata mmoja. Wala haimfai kuzisifu ovyo, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na azitazame pamoja na watu, alie wanapolia, na kikongwe atokeapo na kibuyu chake, aulize kwa sauti: mama huyu amepikia nini maisha yake yote?